Barua kwa mwanangu: jina lako nimelitoa kwenye karatasi ya maombi

Marahaba baba, shikamoo yako niliiona asubuhi nikiwa migombani nikashindwa kujibu, sasa nimekaa na chai naandika taratibu, utanivumilia itakuwa ndefu na herufi zitaruka maana miwani nimeisahau kwa mama mchungaji.

Nikuambie mimi kabla hujaambiwa na watu. Jina lako nimelitoa kwenye orodha ya kuombea vijana hapa usharikani. Usishtuke, kukuombea sijaacha na siachi, nimelitoa kwenye ile karatasi tu.

Ilivyo ni hivi. Tulianza maombi ya vijana alfajiri saa kumi na moja, kila mzazi alete jina la mtoto wake na hitaji lake, na kwa kweli mwanzoni ilikuwa nzuri sana watu walilia na mimi nikiwemo. Ila siku zilivyokwenda yale mahitaji yakaanza kunenepa. Mara tumwombee kijana wa mama fulani tumesikia ameanza kuvuta, mara tumwombee binti wa nyumba ya juu ana mimba na aliyempa ana mke wake Arusha, yaani mmeinamisha vichwa mmefumba macho lakini masikio yote yamesimama, na jua halijachomoza habari imeshafika sokoni. Binti mwenyewe akaja kwangu jioni akaniuliza mama ni nani kaniombea? Kauliza vile mtu anavyouliza nani kaniibia. Na mimba yenyewe hana.

Sasa na wewe kwenye karatasi nilikuta umeandikwa "apate kazi, aache kubeti, amrudie Bwana". Mimi niliandika jina tu baba, hayo mengine kuna mtu kayaongeza kwa kalamu yake, mwandiko nimeujua ila nimenyamaza. Nikaomba karatasi nikakata mstari mzima. Mzee wa kanisa akaniuliza mbona unamnyima mtoto baraka nikamwambia Mungu anamjua huyu hata bila karatasi. Kama unabeti au hubeti utaniambia mwenyewe siku ukitaka, mi sitaki kuyapata mambo yako kwenye sala ya mtu.

Basi mchungaji naye akaliona hilo. Akasema kuanzia sasa vijana waandike wenyewe, kikaratasi bila jina, watie kwenye kikapu cha sadaka. Wazee walijua watakuta bangi na zinaa tupu humo ndani. Mwinjilisti akaanza kusoma, moja naomba mtaji wa elfu hamsini nianze kuuza chipsi, nyingine niombeeni nina usaili Dodoma nauli sina, nyingine niombeeni baba na mama waanze kuongea, nyingine sipati usingizi na sijui kwa nini, hiyo kaisoma mara mbili. Halafu ikaja moja imeandikwa kwa herufi kubwa "TUNAOMBA MTUOMBEE BILA KUTUSEMA". Kanisa kimya! Mchungaji akasema amina, ikabidi na sisi tuitikie.

Mi napenda kuomba, unanijua. Ila hii sala ya "Bwana waponye vijana wa siku hizi" inanichosha, utafikiri ujana ni homa. Na hao vijana wenyewe ni akina nani, sera ya maendeleo ya vijana ya mwaka 2007 ilisema kijana ni miaka 15 mpaka 35, lakini huku kwetu mtu akioa tu hata ana 23 anahamishiwa kwa wazee, na asiyeoa ana arobaini bado anaitwa kijana na kutumwa viti. Halafu tunajiuliza wanakwenda wapi baada ya kipaimara. Miaka miwili tunawakaririsha katekisimu, siku yenyewe suti na keki na ng'ombe wa watu, Jumapili inayofuata benchi tupu.

Kuna mzee mmoja anawaombea vijana ajira kwa sauti kuliko wote, mpaka spika inakwaruza. Ana duka la vifaa vya ujenzi na Fuso mbili na kila akihitaji mtu dukani anamleta mpwa wake. Nikamfuata baada ya ibada tukiwa kwenye mnada (nilinunua mayai trei moja kwa bei ya jogoo, ila ni ya Bwana basi), nikamuuliza kaka si umchukue hata mmoja wa hawa unaowaombea. Akanijibu dada mambo ya Mungu usiyachanganye na biashara. Haya. Kwenye vikoba yetu tumekubaliana kijana akidhaminiwa na mzazi akope hata kama hana hisa, yule wa chipsi tukimjua tutampa.

Kwenye semina ya wanawake walitufundisha habari za Monika, mama yake Augustino yule mwalimu mkubwa wa kanisa la zamani, wale walikuwa watu wa Afrika ya kaskazini, upande wa Algeria ya leo. Kijana wake alikuwa na akili sana na msumbufu sana, alikaa na mwanamke bila ndoa wakazaa, akajiunga na dini nyingine, mama analia tu miaka na miaka. Akamwendea askofu amwombe azungumze na mtoto, askofu akakataa, mama akang'ang'ania mpaka askofu akachoka akamwambia hebu nenda zako, mtoto wa machozi kama hayo hawezi kupotea. Kilichonishika mimi ni kitu kingine lakini. Augustino alitaka kwenda Roma, mama hataki, akamfuata mpaka bandarini Karthago, kijana akamdanganya akamwacha usiku ule kwenye kikanisa anaomba mtoto asiondoke, na huku yeye anapanda meli. Asubuhi mama kufika pwani meli hakuna. Alikasirika huyo mama acha tu. Lakini safari ile aliyokuwa anaomba isiwepo ndiyo ilimfikisha kijana Milano kwa Ambrosi, askofu wa huko, na huko ndiko alikobatizwa Pasaka ya mwaka 387, mama mwenyewe akiwa bado hai.

Nakuandikia hili kwa sababu na mimi niliomba usiende Dar. Ulijua au hukujua sijui. Niliomba ubaki upate kazi hapa Moshi mjini nikuone Jumapili, na Mungu hakunipa, na sasa sitaki tena kumpangia Mungu mji wa kukuweka.

Ndiyo maana naomba uniambie wewe. Yesu alipomwombea Petro imani yake isitindike alimwambia mwenyewe, jina lake akalitaja mara mbili Simoni, Simoni, na alijua fika kwamba usiku uleule atamkana, hakumwombea kwa siri wala kwa kusikia. Mi nataka hivyo. Niandikie vitu viwili vitatu unavyotaka niviombe, hata kama ni kodi, hata kama ni msichana, hata kama kanisa huendi sema mama siendi, siwezi kukimbia ni mimi niliyekuzaa. Kama hutaki kuniambia andika "omba tu" nitaelewa. Na mimi niombee goti la kushoto, baridi ya huku mwezi huu imenikamata na kupanda ule mlima wa kanisani alfajiri ni shughuli.

Ndizi na parachichi nimezifunga kwenye kiroba cha bluu, kesho nampa kondakta wa basi la asubuhi, uwahi Mbezi stendi mapema maana mara ya mwisho waliuza. Namba yake nitakutumia. Na jibu lako ulete kwangu inbox, usije ukajibu kwenye grupu la familia, shangazi yako yumo na ndiye katibu wa maombi.

Mama yako