Wazee wetu Marekani wasichague bima kwa kutazama ada tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazungumzie Wakenya na Watanzania wanaozeekea Marekani, pamoja na jamaa zao walio nyumbani ambao hupigiwa simu kuombwa ushauri. Wengi waliohamia huku wakiwa vijana sasa wanafikisha miaka 65, umri wa kuingia katika Medicare, bima ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1965, na baadhi yao wanauza nyumba zao ili wahamie vijiji vya wastaafu, vyenye ulinzi, mabasi ya kwenda sokoni na mara nyingi zahanati papo hapo. Mimi ni muuguzi msaidizi katika kijiji cha namna hiyo, na kila msimu wa kujiandikisha nasikitika kuona watu wetu wakitia saini baada ya kuuliza swali moja tu: kwa mwezi ni dola ngapi?

Njia ni mbili. Katika Medicare ya asili, serikali yenyewe humlipa daktari, na mgonjwa anaweza kutibiwa na karibu daktari yeyote anayeipokea nchini kote. Lakini hubaki akidaiwa asilimia 20 ya gharama nyingi za nje ya wodi, ndiyo maana wengi hununua bima ya nyongeza iitwayo Medigap. Katika Medicare Advantage, serikali huilipa kampuni binafsi isimamie matibabu. Mara nyingi ada yake ya ziada ni sifuri, huongeza meno na miwani, na huweka kikomo cha fedha ambazo mgonjwa atatoa mfukoni kwa mwaka. Kwa mwenye kipato kidogo huo ni msaada wa kweli, wala simlaumu anayeuchagua. Hata hivyo, kwa kawaida humfunga mtu kwa madaktari wa mtandao wake, na huduma nyingi kubwa husubiri idhini ya kampuni.

Jambo ambalo mawakala wa bima hulipitia haraka ni ugumu wa kutoka Advantage na kurudi Medicare ya asili ukiwa na Medigap. Mtu aliyetimiza miaka 65 na kuingia Sehemu B, yaani sehemu ya Medicare inayolipia madaktari na matibabu ya nje ya wodi, ana miezi sita ambayo hakuna kampuni ya Medigap inayoweza kumkataa kwa sababu ya ugonjwa. Muda huo ukipita, katika majimbo mengi kampuni inaruhusiwa kuchunguza afya yake na kumkataa, isipokuwa katika hali chache, kama vile anayejaribu Advantage kwa mara ya kwanza na kujitoa kabla ya mwaka kwisha. Aliyekuwa mzima akiwa na miaka 66 na kupata kisukari na maradhi ya moyo akiwa na miaka 73 huenda asiipate tena.

Anayehamia kijiji cha wastaafu ana sababu zaidi ya kutahadhari. The Villages, kule Florida, ni mji wa wastaafu wenye wakazi zaidi ya laki moja. Mwaka 2016 zahanati zake ziliwaarifu wagonjwa wa Medicare kwamba wakitaka kubaki na madaktari wao wajiunge na mpango wa Advantage wa kampuni ya bima ya UnitedHealthcare. Mwaka 2025 kampuni ya zahanati hizo iliomba kinga ya kufilisika, baada ya kueleza kuwa huenda inadaiwa na Medicare zaidi ya dola milioni 350 zilizolipwa kupita kiasi, kisha ikauzwa kwa CenterWell, iliyo chini ya Humana, mshindani wa UnitedHealthcare. Wazee waliohamia kule kwa ajili ya utulivu walijikuta wakijiuliza upya nani atawatibu.

Nimemhudumia mzee wetu mmoja aliyepatwa na kiharusi. Kabla hajaweza kujihamisha kutoka kitandani hadi kitini bila kushikwa, kampuni yake ya Advantage ilisitisha malipo ya kituo cha mazoezi, na binti yake akalazimika kukata rufaa huku akimlisha baba yake kwa kijiko. Watoto wajue pia kwamba kuogeshwa, kuvishwa na kulishwa kwa miaka mingi hakulipiwi na Medicare ya asili, na kijiji chenyewe hutoza huduma hizo kando.

Kwa wanaofikiria kumalizia uzee Nyeri au Moshi, Medicare kwa kawaida hailipii matibabu nje ya Marekani. Baadhi ya bima za Medigap hulipa asilimia 80 ya dharura inayotokea katika siku 60 za mwanzo za safari, kwa kikomo cha dola 50,000 maishani. Na anayeiacha Sehemu B akiwa nyumbani, akirudi huongezewa ada kwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 aliyokaa bila bima hiyo, na nyongeza hiyo kwa kawaida haiondoki.

Kabla ya kulipia nyumba, nendeni zahanati ya kijiji mkaulize inapokea bima zipi na mkataba wake na kampuni ya bima ukivunjika itakuwaje. Kila jimbo lina washauri wa SHIP, mpango wa kuwashauri watu kuhusu Medicare, wanaotoa msaada bure, nao hawapokei kamisheni. Msimu wa kubadilisha mpango ni tarehe 15 Oktoba hadi 7 Desemba kila mwaka. Naomba gazeti lako lichapishe maelezo haya kwa kina mwezi Septemba, wakati familia bado zina nafasi ya kukaa pamoja na kuuliza.

Muuguzi msaidizi,
Dallas, Texas