Barua kwa mwanangu: mkija Mayo, Ireland, anzeni na matuta

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Alhamdulillahi, viza zimetoka! Ujumbe wako ulinikuta natoka zamu ya usiku. Nimekaa kituoni nikausoma mara tatu, basi likaja likaniacha, wala sikujali. Miaka sita nimewaona wajukuu zangu kwenye simu tu.

Umeniuliza mfanye nini na mwone nini hizo siku kumi. Mkwe wangu naye kanitumia ramani yake: Dublin, Cork, Kerry, Clare, Galway, Donegal, ndipo mje kwangu. Mwambie nimeipokea kwa heshima, lakini nawaomba muiache. Mkiifuata mtaiona Ireland kupitia kioo cha gari, watoto wakilia nyuma. Magenge ya Moher kule Clare ni mazuri, yanasimama mita 214 juu ya bahari, sikatai. Yatakuwepo safari nyingine. Safari hii pandeni treni Dublin, kwenye stesheni ya Heuston, mje moja kwa moja mpaka Westport. Ni saa tatu na kitu hivi. Mkae hapa Mayo, mashambani, mwende polepole.

Nataka muanze na matuta, na nitakueleza kwa nini.

Mwaka wangu wa kwanza hapa sikupapenda. Mvua, upepo, giza la Desemba linaloanza saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nahesabu siku kama mfungwa. Mwezi wa tano mfanyakazi mwenzangu akanichukua kwa gari lake kwenda Leenane, kwenye Killary. Huo ni mkono wa bahari ulioingia kati ya milima, kilomita kama 16, maji yametulia kama ziwa, na ndani yake wanafuga kome kwenye kamba. Ilikuwa jioni, jua limelala upande. Nikatazama mlima ng'ambo ya maji, nikaona mistari inashuka kutoka juu mpaka karibu na ufuo, imepangana kama kitana kimepita kwenye nywele. Majani yameota juu yake, kondoo wanakula. Nikamwambia, simamisha gari. Yale ni matuta!

Mwenzangu mwenyewe amezaliwa mjini, alikuwa hajui. Lakini mimi mtoto wa Lushoto nitaachaje kulijua tuta la viazi? Upana wake, mfereji wa maji kati ya tuta na tuta, jinsi lilivyofuata mteremko. Nilisimama pale nikamwona bibi yako na jembe lake.

Yalilimwa kabla ya 1850. Watu wa huku walikuwa maskini wa ardhi, wakapanda mpaka kwenye miinuko ambayo hata mbuzi angesita kuipanda. Walitandaza mwani wa baharini juu ya majani, wakaweka mbegu, kisha wakageuza udongo wa pande zote mbili kuifunika. Mwaka 1845 ukaingia ukungu. Mwanangu, ni ugonjwa uleule unaotuchomea viazi kule kwetu: madoa meusi kwenye majani, kisha shina, kisha kiazi kinaoza ardhini na harufu yake unaijua. Sisi ukungu ukitupiga tuna mahindi, tuna maharage, tuna migomba. Wao wengi walikuwa na viazi tu. Nafaka na mifugo iliendelea kupakiwa melini kwenda nje huku wenyewe wanakufa. Watu kama milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni wakahama. Mwaka 1841 kisiwa hiki kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8, na mpaka leo hakijarudia hesabu hiyo. Yale matuta hakuna aliyerudi kuyalima.

Kwa hiyo nendeni jioni, siyo mchana. Mchana hamtaona kitu, kijani tupu. Jua likiinama ndipo vivuli vinajaa kwenye mifereji na mlima wote unasomeka. Na mwanzoni mwa Julai jua huku linazama baada ya saa nne usiku, kwa hiyo kuleni kwanza, watoto walale kidogo mchana, mtoke saa mbili usiku bila wasiwasi. Magharibi mtaisali mkirudi.

Mkitoka Westport kwenda Leenane, msipite ile njia fupi. Pitieni Louisburgh, mkatize bonde la Doolough. Barabara ni nyembamba, ziwa jeusi upande mmoja, mlima umeinama juu yenu, hakuna nyumba. Kuna msalaba wa jiwe kando ya njia. Machi 1849 mamia ya wenye njaa waliambiwa waende Louisburgh kukaguliwa ndipo wapewe chakula, kisha wakaambiwa wawafuate wakaguzi mpaka jumba la Delphi, mwendo wa kama kilomita 19, kwa miguu, kwenye baridi. Kule wakarudishwa mikono mitupu. Wako waliofia njiani. Askofu Mkuu Desmond Tutu aliitembea njia hiyo mwaka 1991 pamoja na watu wa huku. Shukeni hapo garini. Watoto waelezeni kadiri ya umri wao, lakini waelezeni.

Siku ya pili wapeni furaha tupu. Kodini baiskeli. Kuna reli ya zamani iliyokuwa ikienda Achill, ilifungwa 1937, sasa wameifanya njia ya baiskeli na miguu, kilomita 42 kutoka Westport. Msiimalize yote. Kipande cha Mulranny mpaka Achill, kilomita 13, kinawatosha, mnakwenda na bahari pembeni na magari hayawasumbui. Achill ni kisiwa lakini kina daraja. Mkifika, chini ya mlima Slievemore kuna kijiji kilichohamwa, nyumba za mawe karibu 100 zimepangana kando ya njia moja, hazina paa. Ingieni kwenye mojawapo. Mlango ni mfupi, utainama. Angalia ukutani mashimo ya kufungia mifugo: ng'ombe na watu walilala chumba kimoja, kama nyumba za babu zako. Na mbele ya nyumba, matuta tena.

Ufuo wa Keem uko mwisho kabisa wa kisiwa, mchanga na maji ya kijani, utadhani ni Pangani mpaka utie mguu. Maji ni ya barafu! Waachie watoto waogelee dakika kumi, uwe na taulo mkononi.

Mengine kwa ufupi. Leteni makoti ya mvua ya kweli, siyo miavuli, upepo unaigeuza nje ndani. Gambuti mtanunua hapa. Jioni isiyo na upepo visubi wanauma vibaya. Gari wanaendesha kushoto kama kwetu, ila barabara za vijijini zinapitisha gari moja. Mkikutana, mmoja anajibanza. Dereva wa mbele akiinua kidole kimoja kwenye usukani, hiyo ni salamu, mwitikie. Kwenye nyumba za wageni kifungua kinywa ni nguruwe na soseji, na vile vipande vyeusi ni damu. Waambie mapema kwamba mnataka mayai na mkate wao wa kahawia, ule wa magadi na maziwa ya mgando. Mkate huo na siagi utauota mpaka Tanga. Nyama ya halali nitakuwa nayo mimi. Mti mfupi wa miiba uliosimama peke yake katikati ya shamba msiuvunje hata kijiti, wenyewe wanauogopa kama sisi tunavyouogopa mbuyu wa mzimu.

Muziki nao msiukose. Unapigwa baa, najua utasita, lakini watoto huingia na wazazi mapema jioni na hakuna atakayekulazimisha kunywa. Agizeni chai, kaeni karibu na mpiga ngoma. Ni ngoma bapa ya ngozi ya mbuzi, anaipiga kwa kijiti kifupi, mkono mwingine umeingia nyuma unakaza na kulegeza ngozi mpaka sauti inapanda na kushuka. Mjukuu wangu wa kiume hatatoka pale.

Siku zangu za mapumziko nitawapeleka kule wanakochimba udongo wa kuni. Ndiyo, udongo: majani yaliyooza ndani ya maji maelfu ya miaka, wanaukata vipande kama matofali, wanausimamisha ukauke kwa upepo, kisha wanauwasha. Moshi wake una harufu tamu nzito. Nguo zangu zote zinanukia hivyo sasa, utanijua kwa harufu.

Jambo la mwisho. Kuna mzee ninayemhudumia kazini, alikuwa mkulima upande wa Louisburgh. Haongei na watu. Siku moja namkata kucha, nikamwambia kwetu Lushoto tunalima viazi. Akanishika mkono, akaugeuza, akautazama kiganja muda mrefu. Akauliza, mnainulia udongo mara ngapi? Nikamwambia mara mbili. Akasema nao mara mbili, ya pili kabla maua hayajatoka. Akanieleza walivyokuwa wakipuliza mrututu, dawa ya ukungu, majani yanakuwa ya buluu, na baba yake hakulala usiku wa mvua ya joto mwezi wa saba. Nikamwambia, hata mama yangu halali. Tangu siku hiyo kila nikiingia ananiuliza habari za shamba letu.

Ameniomba kiazi kimoja cha kwetu akione. Viazi haviruhusiwi kuingizwa nchini humu, usijaribu kuvificha kwenye sanduku. Ila kabla hamjaondoka panda Lushoto, umpige bibi yako picha akiwa kwenye matuta, akiwa anavuna, mikono yake ionekane vizuri na udongo wake. Usimwambie avae vizuri. Isafishe kubwa, ukubwa wa daftari, nitaisimamisha dirishani kwake. Na uniletee iliki na mchaichai uliokaushwa.

Mama yako