Dereva apimwe pombe, na aulizwe pia kama amelala

Ndugu Mhariri,

Ninaandika barua hii saa tatu asubuhi, mume wangu akiwa amelala chumba cha pili. Ni dereva wa lori, huu ni mwaka wake wa kumi na nne barabarani. Alifika usiku wa kuamkia leo akitokea Rusumo, akala kidogo, akajitupa kitandani na soksi zake. Nilipoingia kuvuta pazia ili jua lisimpige usoni, niliona mguu wake wa kulia unakanyaga godoro. Unakanyaga, unaachia, unakanyaga tena. Mwenyewe yuko nyumbani kwake Nzuguni, mguu bado uko barabarani unatafuta breki.

Nilisimama pale kitambo, kisha nikatafuta karatasi.

Ajali ikitokea hapa kwetu Kanda ya Kati tunasikia maneno yale yale: mwendokasi, kuovateki pasipo kuona mbele, ubovu wa gari, uzembe wa dereva. Sikatai hata moja. Ila hilo neno uzembe linafunika mambo mengi, kama turubai linavyofunika mzigo. Pale mizani ya Nala lori linapimwa uzito ekseli kwa ekseli. Njiani kuna trafiki na tochi zao za kupimia mwendo, na gari kubwa likivuka kilomita 80 kwa saa, faini. Tairi zinaangaliwa, bima inaangaliwa. Mzigo unapimwa kilo kwa kilo, anayeuendesha hapimwi. Kwa miaka yote hii kumi na minne mume wangu hajawahi kuulizwa na mtu yeyote mwenye mamlaka, wala na tajiri wake mwenye lori, swali hili fupi: umelala?

Mwaka juzi aliamka saa kumi na moja alfajiri kule Dar es Salaam kwenda kupakia. Kutwa nzima akawa kwenye foleni juani, mara karatasi hii haijagongwa muhuri, mara subiri kidogo. Walimwachia saa mbili usiku. Mzigo ulikuwa umechelewa, kwa hiyo akaambiwa apige moja kwa moja. Alipita hapa Dodoma usiku wa manane bila kuingia nyumbani. Alinibipu tu, na mimi nikaelewa kwamba amepita. Kulipokaribia kupambazuka, alikuwa maeneo ya Kintinku. Anachokumbuka ni taa za kijiji, halafu hakumbuki kitu, halafu anaona mikono minne kwenye usukani. Miwili yake, miwili ya tandiboi, yule msaidizi wake, na lori lote liko upande wa kulia wa barabara. Bahati yao hapakuwa na gari lililokuwa linakuja.

Hakuniambia siku ile. Aliniambia baada ya miezi mitatu, usiku, kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie. Na kilichomtisha zaidi siyo kulikuta gari upande usio wake. Ni kwamba hakujua amelala. Yeye alijiona yuko macho.

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda zaidi ya mita 20 kila sekunde. Kusinzia sekunde nne tu ni karibu mita 90 ambazo hakuna mtu anayeendesha. Tani thelathini zinajiendea zenyewe.

Wataalamu wa usingizi walilipima jambo hili zamani. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, macho na mikono yake hufanya kazi kwa udhaifu sawa na wa mtu mwenye kiwango cha pombe cha gramu 0.05 kwa kila mililita 100 za damu. Akifika saa 24 bila kulala, ni kama ana 0.10. Sheria yetu ya Usalama Barabarani inaweka ukomo kwenye 0.08. Sasa hesabu mwenyewe: kuanzia saa kumi na moja alfajiri ya Dar es Salaam mpaka Kintinku ya kesho yake alfajiri ni jumla ya saa ngapi? Mume wangu, ambaye pombe hagusi, alikuwa kama mlevi aliyevuka ukomo wa sheria. Na angesimamishwa akapuliza kile kipimo, kingesoma sifuri, naye angeambiwa safari njema.

Kuna saa ambazo mwili wa binadamu unataka kulala hata kama mwenyewe hataki. Ya kwanza ni kuanzia saa nane usiku mpaka karibu saa kumi na mbili alfajiri. Ya pili ni mchana, saa nane mpaka saa kumi, ule wakati wazee wetu wanavuta mkeka chini ya mti. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku, na mimi sipingi, maana wafanyabiashara wamepata nafuu na wagonjwa pia. Lakini angalia ramani yetu. Basi linalotoka Dar es Salaam saa moja au saa mbili jioni kwenda Mwanza, linaingia mbuga za Bahi na Kintinku saa hizo hizo ambazo mwili unadai chake. Barabara pale imenyooka, giza, hakuna mji, hakuna kona ya kukushtua, mpaka ufike ukipanda Saranda kuitafuta Manyoni. Na lile la alfajiri linafika Dodoma saa nane mchana, dereva ameshiba wali, jua kali, mbele yake njia ile ile. Barabara nzuri ya lami inabembeleza usingizi kuliko mbovu. Madereva wenyewe wanalijua hilo, watakwambia hawajawahi kusinzia kwenye mashimo.

Utaratibu upo kwamba safari ndefu iwe na madereva wawili wapokezane, kwa mabasi, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wanalifuatilia. Napongeza. Swali langu ni huyo wa pili analala wapi. Kwenye kiti cha nyuma cha basi lenye muziki, abiria wanapanda na kushuka, ndiyo atoke hapo akashike usukani saa tisa usiku? Na kwa malori mengi niyajuayo mimi, wa pili hayupo kabisa. Yupo tandiboi, kijana wa miaka ishirini asiye na leseni, ambaye kazi yake ya siri ni kumpigia dereva stori asilale.

Watu watauliza kwa nini wasiegeshe tu wakalala. Ndugu Mhariri, pesa ya dereva iko kwenye safari. Mshahara ni kidogo, posho inahesabiwa kwa trip, na anayewahi kurudi ndiye anayepakia tena. Ukisema nimechoka, kesho gari linaendeshwa na deiwaka, dereva wa kibarua, na wewe uko kibarazani kwako na leseni mfukoni. Halafu ukiegesha mahali pasipo na ulinzi, asubuhi unakuta dizeli imenyonywa na turubai limechanwa, na hasara inakatwa kwako. Kwa hiyo wanalala jicho moja wazi, au hawalali. Wengine wanatafuna mirungi, kitu ambacho sheria ya nchi inakataza. Mirungi haimpi mtu usingizi aliokosa. Inauahirisha, na deni hilo linakuja kudaiwa kwenye mteremko.

Niseme na habari ya mwili, maana hili wake wa madereva tunaliona kabla ya daktari. Mume wangu anakoroma kama trekta, halafu ghafla pumzi inakatika. Kimya. Nahesabu mpaka kumi, kumi na tano, kisha anashtuka anavuta hewa kama aliyekuwa anazama. Miaka mingi nilidhani ni uchovu. Muuguzi mmoja ndiye aliyenieleza kwamba ni ugonjwa, una tiba, na kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kulala kwa muda wa saa nane akaamka kama hakulala kabisa. Wangapi wako barabarani hivyo hivyo? Kuna presha, kuna sukari inayofifisha macho taratibu mpaka taa za gari linalokuja zinakuwa kama moto uliotawanyika. Kuna wanaobana maji ya kunywa makusudi ili wasisimame kujisaidia, mpaka kichwa kinawagonga. Kuna vidonge vya mafua vya kununua dukani, vile vya njano, ambavyo vinalaza mtu, na anavimeza huku funguo iko mkononi. Leseni inaishi miaka mitano. Macho ya mtu aliyepita umri wa miaka arobaini hayasubiri miaka mitano.

Na moyo je? Hapa ndipo kalamu yangu ni nzito.

Jirani yangu mmoja ni dereva wa basi. Aliwahi kumgonga kijana wa bodaboda aliyeingia barabarani ghafla. Uchunguzi ukafanyika, ikaonekana kosa halikuwa lake, na wiki hiyo hiyo akapewa gari jingine. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mke wake ananiambia mpaka leo akikaribia eneo lile anazima redio, anashika usukani kwa mikono yote miwili mpaka vidole vinakuwa vyeupe, na abiria hawajui kwa nini basi limepunguza mwendo. Usiku analala vipande vipande. Nilimshauri aende akazungumze na mtaalamu. Unajua alijibu nini? “Nikionekana Mirembe, kazi sina.”

Hapa Dodoma tumelifanya jina la Mirembe kuwa tusi. Mtoto akikosea anaambiwa atapelekwa Mirembe, mtu akicheka peke yake anaambiwa ametoroka Mirembe. Ni hospitali, jamani, kama hospitali nyingine, na hapa mlangoni kwetu tunayo hiyo iliyobobea kwa magonjwa ya akili nchi nzima. Masihara yetu ya kijiweni yanamfanya mtu aliyebeba abiria hamsini afiche kwamba kichwa chake hakijatulia. Yule aliyefiwa, yule anayedaiwa na mikopo ya mtaani, yule aliyegombana na mkewe kwenye simu akiwa Gairo, wote wanapanda kwenye usukani na mzigo wao. Mwenye hasira anaovateki kwa hasira, na mwenye mawazo haoni kibao.

Ninachoomba hakihitaji mitambo. Matajiri na mamlaka wakubaliane kwamba dereva akisema sijalala, au siko sawa, safari inasogezwa na nafasi yake inabaki. Bila hilo mengine yote hayatafanya kazi, kwa sababu hakuna atakayesema ukweli unaomnyima ugali. Pale penye mizani, ambapo malori yanasimama kwa lazima, pawekwe maegesho yenye taa, walinzi, choo na maji, dereva alale milango ikiwa imefungwa. Trafiki anapoomba leseni, aulize pia ulianza safari saa ngapi, na amtazame machoni anapojibu. Vipimo vya macho, presha na sukari vifanywe kila mwaka kwa gharama ya mwenye gari. Na dereva aliyepata ajali apate mtu wa kuzungumza naye kabla hajapewa funguo nyingine.

Sisi abiria nasi tuna letu. Nimepanda mabasi ambamo watu wanamshangilia suka, yaani dereva, kwa kuwapita wenzake, na akisimama dakika kumi kunawa uso wanaanza kugonga madirisha. Dakika kumi zile ni zetu.

Nikiwa naandika mistari hii simu yake imeita mara mbili. Niliichukua kitandani nikaja nayo jikoni. Mara ya tatu nimepokea mimi. Ni msimamizi, anasema kuna mzigo wa kuwahi, apite ofisini kabla ya saa sita. Nimemwambia amelala. Akaniuliza ataamka saa ngapi. Nikamjibu, akishiba usingizi.

Mke wa dereva,
Nzuguni, Dodoma