Risala ya Klabu ya Usomaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Chumba cha Vitabu, Lindi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi ya Shule, walimu, wazazi na walezi wetu, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa. Shikamooni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tunakukaribisha kwa furaha kubwa. Chumba utakachokifungua leo kilikuwa stoo ya majembe. Tumekipaka chokaa wenyewe, na madoa unayoyaona sakafuni ni yetu.

Klabu yetu ilianza na kasha moja la mbao, na vitabu havikulijaza. Kilichopendwa kuliko vyote ni kitabu cha safari ambacho jalada lake lilitoka zamani. Kilipita mikono mingi mpaka kurasa zikaachia. Mwenzetu mmoja akaenda nacho nyumbani, akaazima shazia ya mama yake ya kushonea magunia ya korosho, akakishona kwa uzi wa katani. Kipo mezani mbele yako. Tafadhali ukikifungua usikivute sana. Kurasa za mwisho hazipo, nasi hadi leo tunabishana safari ile iliishaje.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ubishi ndio uliotufikisha Kilwa Kisiwani. Mwalimu wetu alitutafsiria ubaoni maneno ya Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331. Aliusifu mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Lakini alisema nyumba zake ni za mbao, zimeezekwa kwa matete. Mwenzetu wa Kidato cha Pili akanyoosha mkono: mbona picha zote za Kilwa ni za mawe?

Wazazi wakachanga nauli, tukapanda basi hadi Kilwa Masoko, kisha mashua. Ndani ya Msikiti Mkuu tuligusa kuta za matumbawe kwa mikono yetu. Pale Husuni Kubwa, magofu ya kasri la sultani, tulizunguka birika la pembe nane, tukazihesabu pembe moja moja, kwa sababu wapo waliodhani kitabu kimekosea. Hakikukosea. Swali letu la mbao tulimpelekea muongozaji. Akatuambia watu wengi waliishi katika nyumba za miti na udongo, na nyumba hizo zimeoza. Tunachokiona leo ni kile ambacho mchwa hakukiweza. Tuliporudi, kila mmoja alitaka kusoma upya maneno yaleyale ya ubaoni. Bahati nzuri yalikuwa hayajafutwa.

Tangu siku ile kila mwanachama ana daftari la safari, hata kama safari yenyewe ni ya kwenda Mikindani kumsalimia bibi. Tunafuata nyayo za Selim bin Abakari, ambaye mwaka 1896 alisafiri na Mjerumani hadi Urusi na Siberia, akaisimulia safari yake kwa Kiswahili. Theluji imeandikwa kwa lugha yetu, Mheshimiwa, na wengi wetu hatukuwa na habari.

Lipo jambo linalotuuma. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale pale Tendaguru, mkoani humu. Zaidi ya tani 200 zilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Huenda wamo babu wa babu zetu. Mjusi mmoja amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, kimo chake kinazidi mita 13. Vitabu vingi juu yake vimeandikwa kwa Kijerumani na Kiingereza. Mtoto wa Lindi anayetaka kumjua mjusi wa kwao hana hata kijitabu cha Kiswahili cha kushika mkononi katika chumba hiki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kwa heshima tunakuomba utusaidie kupata rafu za chuma, maana mchwa walishakula safu nzima ya chini, na taa ya sola ili tusome jioni. Tunakuomba pia utusemee kwa wakubwa ili vitabu viruhusiwe kwenda nyumbani. Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, wenzetu wengi huwa mashambani na wazazi wao, na kitabu kilichofungiwa kabatini ili kisichafuke hakimfikii mtu aliyeko chini ya mkorosho. Vikirudi vimechanika, shazia tunayo.

Ombi la mwisho ni usafiri wa kwenda Tendaguru. Tumeshagawana nani atasoma nini tukifika, na yule wa Kidato cha Pili, ambaye sasa yupo cha Tatu, tayari ana maswali kurasa mbili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na kusomwa kwako na wanachama wa Klabu ya Usomaji.