Mwalimu, nimemwona silikanti wa kwanza

East London, Afrika Kusini

Mwalimu wangu Shabani,

Assalam aleikum. Mimi mzima wa afya, ila mvivu wa kuandika kama unavyonijua. Leo sina kisingizio. Meli bado imefungwa gatini, maana upepo wa huku ukikaza, rubani wa bandari hakubali lidude refu kama letu, la kubeba magari, litoke mtoni. Nahodha katupa ruhusa ya mchana kutwa. Wenzangu wameteremkia madukani, mimi nikashika Oxford Street kwenda kwenye makumbusho ya mji. Nilikuwa na miadi na samaki.

Humo ndani kuna mengi. Kuna yai la ndege dodo, yule aliyekwisha kutoweka duniani, na kuna nyayo za binadamu zilizogeuka jiwe, zilizookotwa Nahoon, hapa hapa mjini, mwaka 1964. Wanasema zina miaka kama 124,000. Mtu mwingine angekaa kwenye nyayo hizo hadi jioni. Mimi nilizipita haraka, Mungu anisamehe, nikamfuata silikanti, samaki wa kale.

Yuko ndani ya kioo. Si mfano wa plastiki wala picha, ni yule yule aliyevuliwa Desemba 1938 na kuishangaza dunia. Urefu wake kama mita moja na nusu, na siku alipopimwa alikuwa na kilo 57 na ushei. Usitarajie ile buluu yenye mabaka meupe ambayo wavuvi wenu wa Kigombe, Tanga, wanaisimulia. Huyu amekuwa kahawia, kama samaki wote wa aina yake wanaohifadhiwa. Magamba ni makubwa na magumu. Lakini kilichonigandisha pale ni mapezi: hayakuota mwilini moja kwa moja, yako juu ya vikonyo vya nyama na mfupa. Wazamiaji na watu wa nyambizi waliomwona akiwa hai wanasema anapoogelea huyapeleka kwa zamu, pezi la mbele la kulia pamoja na la nyuma la kushoto, kisha kinyume chake, vile vile anavyotembea mbuzi. Wanafunzi wako watalipenda hilo, waigize darasani.

Sasa nikupe kisa chenyewe, kwa sababu ndicho kinachokuhusu. Wataalamu walikuwa na mabaki ya samaki wa jamii hii ndani ya mawe tu, wakaandika kwamba jamii yote ilikwisha zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita. Hapa East London palikuwa na binti wa miaka 31, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho haya haya, makumbusho madogo ya mji yasiyo na fedha. Alikuwa amezoeana na nahodha mmoja wa meli ya uvuvi, Hendrik Goosen. Goosen akipata kitu cha ajabu kwenye wavu hakitupi, humwekea na kumpigia simu. Mimi mtu wa chombo nasema hapo ndipo penye shina la habari yote, na watu hupapita mbio. Nahodha aliyechoka, mbele yake sikukuu, anatenga takataka za wavu kwa ajili ya mtu wa makumbusho! Ukipata nahodha wa namna hiyo mshike.

Siku Goosen alipopiga simu ya samaki huyu, Marjorie alikuwa na kazi nyingi, karibu asiende. Akaenda hasa kuwatakia mabaharia heri ya Krismasi. Chini ya rundo la papa na samaki aina ya taa akaona pezi la buluu limechomoza. Dereva wa teksi hakutaka kubeba samaki anayenuka, ikabidi amgombeze. Chumba cha maiti wakamkatalia, wenye jokofu kubwa nao wakamkatalia. Mkubwa wake wa bodi akamwambia huyo ni chewa tu. Joto la Desemba unalijua, samaki akaanza kuharibika. Wakamfunga kwa magazeti na shuka vilivyolowekwa formalini, dawa ya kuzuia kuoza, mwishowe akapelekwa kwa fundi wa kukausha wanyama, ambaye aliokoa ngozi na fuvu. Matumbo na matamvua vilitupwa.

Marjorie alikuwa amemwandikia barua Profesa J.L.B. Smith, mjuzi wa samaki, akatia na mchoro wa kalamu. Barua ikamkuta mzee yuko Knysna, likizo. Tarehe 3 Januari 1939 akajibu kwa simu ya maandishi kwamba mifupa na matamvua vitunzwe, ni muhimu mno. Vilikuwa vimekwishakwenda. Smith alipofika Februari na kumwona, akamtambua papo hapo, akampa jina la kitaalamu Latimeria chalumnae, kwa heshima ya binti na ya mto Chalumna ambao karibu na mdomo wake samaki alivuliwa.

Miaka 14 Smith akitafuta wa pili, mwenye matumbo. Alichapisha karatasi yenye picha, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, zawadi pauni 100, zikasambazwa mwambao mzima. Na hapa, Mwalimu, ukae vizuri. Desemba 1952 kule Anjouan, Komoro, mvuvi Ahamadi Abdallah alimtoa mmoja kwa mshipi, akampeleka sokoni kama samaki mwingine yeyote. Wavuvi wa huko walimjua siku zote, wanamwita gombessa, na nyama yake hawaithamini, ina mafuta mengi na huendesha tumbo. Aliyemzuia asikatwe vipande ni mwalimu wa shule, Affane Mohamed, ambaye alikuwa ameiona ile karatasi. Wakambeba kuvuka milima hadi Mutsamudu, alikokuwa Kapteni Eric Hunt na jahazi lake Nduwaro, mfanyabiashara wa kati ya Zanzibar na Komoro. Hunt akamtia chumvi, kisha formalini ya kuomba kwa daktari. Waziri Mkuu wa Afrika Kusini akatoa ndege ya jeshi imchukue Smith, naye alipomwona samaki alilia machozi.

Kwa hiyo usiniambie tena mwalimu wa sayansi wa kijijini hana analoweza kufanya bila maabara.

Nilibaki pale kwenye kioo nikifikiria upande wetu. Malindi, Kenya, walimpata mwaka 2001, na tangu 2003 wakaanza kuonekana Tanzania, na Tanga ndiyo iliyotia fora hadi ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti mwaka 2009, huko huko mnakoamkia. Watu wanaisimulia kama fahari. Mimi naona na jambo jingine. Huyu hushinda mapangoni, kina cha mita mia na zaidi, usiku ndiyo hutoka kuwinda. Akijaa kwenye wavu maana yake wavu umemfuata kwake. Baruti zilimaliza samaki wa kwenye miamba, majarife, zile nyavu kubwa, yakateremshwa chini zaidi kutafuta papa, naye akanaswa. Na si wa kuzaana haraka: hataagi, huzaa watoto hai, mayai yake ndani ya tumbo ni makubwa kama chungwa. Utafiti uliotoka mwaka 2021 ulikadiria kwamba anaweza kuishi miaka mia, na mimba yake huchukua kama miaka mitano. Hesabu mwenyewe jarife moja kwa usiku mmoja lina hasara gani. Siwalaumu wavuvi, watoto wao wanakula humo humo. Lakini hao wa hifadhi wakija na vikao vyao, nenda ukakae mbele, useme.

Nimekupigia picha za mapezi, fuvu na magamba, nitazituma nikipata mtandao usiosuasua. Zichapishe kubwa, ubandike moja darasani na nyingine diko, pale samaki wanaponadiwa, na namba ya simu yako chini yake.

Nina ombi pia. Kamuulize baba mzee, aliyewahi kunasa mmoja, jarife lilikuwa pima ngapi usiku ule, na upande gani wa mwamba. Andika kila kitu anachokumbuka, hata kama anarudiarudia. Mkichelewa, wanaojua watakwisha.

Nikitoka hapa nadhani tunakwenda Durban, baada ya hapo sijui. Msalimie shemeji, mwambie achari yake ya embe niliimaliza kabla hatujafika Msumbiji, na mpishi wa meli bado ananiulizia.

Wako,
Bakari