Kifua cha Zabibu kimelia tena

Somo yangu mpenzi,

Barua yako niliisoma jana usiku nimekaa sakafuni mbele ya kizimba. Nilipofika pale uliposema kifua cha panya wako Zabibu kimeanza kulia tena, mara ya tatu tangu umlete nyumbani, niliiweka chini kidogo nikavuta pumzi. Sauti ile naijua. Halafu ukaniuliza, "Nimekosea wapi?" Swali hilo nimelala nalo, nikaamka nalo, na sijanywa hata maji kabla ya kukujibu: hujakosea popote.

Ila kabla hujasoma zaidi, nenda kamtazame. Panya hupumua kwa pua tu. Ukimkuta amefungua mdomo, ameinua shingo juu kama anayetafuta hewa karibu na dari, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta, au masikio na nyayo zake zimepoteza ule uwaridi na kuwa kama samawati, acha barua hii hapo hapo. Mfunike kizimba kwa shuka jepesi upande mmoja ili atulie, usimshikeshike, na umpeleke kwa daktari wa wanyama saa hiyo hiyo. Anahitaji oksijeni, na hiyo huna nyumbani. Kama anakula, anapanda ngazi zake na anakuja mlangoni ukimwita, basi tuna muda wa kuzungumza.

Zabibu alikuja kwako akiwa na ugonjwa huu tayari. Karibu kila panya wa kufugwa anao. Kijidudu chenyewe ni maikoplazma, jina lake la kitaalamu Mycoplasma pulmonis, na mama humwambukiza mtoto akiwa bado tumboni au siku zile za kwanza za kulambwa na kunuswa. Kikishaingia hukaa puani, ndani ya masikio na mapafuni maisha yake yote. Dawa hukituliza tu, hakuna inayokimaliza. Wengine huishi miaka yao miwili, mitatu na chafya chache tu. Wengine, kama Zabibu, kifua chao hushtuka kwa kila jambo: kuhamishwa, kufiwa na mwenzake, vumbi, baridi ya ghafla, uzee. Kwa hiyo usiseme tena kwamba tiba ya mwanzo "ilishindwa". Ilimpa miezi minne ya kukimbia na kulala vizuri. Hiyo ndiyo kazi tunayoifanya, kuongeza miezi ya namna hiyo, na kuuwahi mshtuko unaofuata ukiwa bado mdogo.

Umesema pia ulimwona na damu puani. Karibu nina hakika si damu. Nyuma ya jicho la panya kuna tezi inayotoa ute wenye rangi nyekundu uitwao pofirini. Akiumwa au akiwa na wasiwasi, ute huo huwa mwingi na huacha utando mwekundu kwenye macho, pua na viganja anavyojifutia. Chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, umpanguse. Kidogo baada ya kuamka si neno. Ukirudi mara kwa mara mchana kutwa, hiyo ni habari ya kuandika.

Nikueleze ya Shaba, panya wangu aliyekufa, kwa sababu sijawahi kukueleza yote. Mara ya kwanza alipokoroma, daktari tuliyempata alitupa antibayotiki ya amoksilini. Haikumsaidia sana, na baadaye nikaelewa kwa nini: dawa za jamii ile huvunja ukuta wa kijidudu, na maikoplazma haina ukuta. Inaweza kusaidia dhidi ya vijidudu vingine vinavyodandia kifua kilichokwisha kudhoofika, lakini mwenye nyumba anabaki. Daktari wa pili alimpa antibayotiki nyingine mbili, doksisaiklini na enrofloksasini, kwa pamoja. Siku ya tano kifua kilinyamaza. Siku ya saba, somo yangu, nikaacha. Alikuwa anaruka, anaiba soksi, dawa ilikuwa chungu na alikuwa ameanza kunikimbia, nikaona kwa nini nimtese. Baada ya siku kumi ugonjwa ulirudi ukiwa na nguvu nyingine, na mapafu yale hayakuwahi kuwa mapya tena. Kila mshtuko huacha kovu. Sasa nikipewa dawa za wiki tatu, nazimaliza wiki tatu, hata kama panya mwenyewe tangu siku ya nne anacheza kama mtoto. Pamba, panya wangu wa sasa, alifika mahali zile mbili zikawa hazimtoshi, akahamishiwa antibayotiki ya azithromaisini, akapata nafuu. Kwa hiyo usikate tamaa haraka kama ya kwanza haijafanya kazi, mrudie daktari. Vipimo sikuandikii, maana hupigwa kwa gramu za mwili wake na daktari ndiye wa kuvipiga. Mwambie tu umri wake halisi. Enrofloksasini hawapendi kuwapa panya wadogo wanaokua, kwa ajili ya viungo vyao.

Kuhusu kumpa, hapo ndipo wengi tunashindwa. Bomba dogo la sindano, bila sindano yenyewe. Mimi humfunga Pamba kwenye taulo, kichwa tu nje, namweka kifuani kwangu, kisha naingiza ncha ya bomba kando ya mdomo, nyuma ya yale meno ya mbele, tone moja moja. Usimimine kwa mkupuo, itaingia njia ya hewa. Au changanya na ndizi iliyopondwa, punje ya ukubwa wa njegere, umpe yeye peke yake mkononi mwako ili mwenzake asiidokoe. Doksisaiklini usiichanganye na maziwa wala mtindi. Chokaa ya maziwa huishika dawa isiingie mwilini, na wewe utadhani umempa kumbe hukumpa kitu.

Sasa jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote: ijue sauti ya kifua chake kikiwa kizima. Kila usiku nikishazima taa namtoa Pamba, namshika kwa mikono miwili, naweka ubavu wake sikioni kama mtu anayesikiliza simu. Mwanzoni husikii ila moyo, unakwenda kasi kama mvua juu ya bati. Ukitulia zaidi unasikia hewa, inaingia na kutoka kwa ulaini, kama kitambaa cha hariri kinachovutwa mezani. Hiyo ndiyo sauti yake ya afya. Siku ikiingia mluzi mwembamba, au vishindo vidogo kama karatasi inayokunjwa, unaijua usiku ule ule, kabla hajaanza kuchutama na kutimka manyoya. Panya ni hodari wa kuficha ugonjwa. Siku anapoonekana mgonjwa machoni pako, amekuwa mgonjwa kwa siku nyingi. Akilala, mhesabu pumzi pia: 70 hadi 115 kwa dakika ni kawaida. Kwa jicho ni vigumu, kwa hiyo mpige video kwa simu, uipunguze kasi, uhesabu kwa sekunde 15, kisha uzidishe mara nne. Video hiyo ichukue kwa daktari. Wengi wakifika pale mezani, kwa hofu tu, njia za hewa hufunguka na kifua kinakuwa kimya, halafu daktari anakutazama kama unayezua.

Mpime uzito kila Jumapili kwa mizani ya jikoni, ndani ya bakuli, uandike. Mimi gramu 20 zikipungua kwa wiki kwa jike wa gramu 300, sisubiri wiki ya pili. Na akizidi unene nao ni mzigo juu ya mapafu yale yale.

Kizimba chake nilikiona kwenye picha uliyotuma, na hapa nitakuwa mkweli kwako. Kile cha kioo kiondoe. Hewa haitembei mle, na mkojo wa panya hutoa amonia, na amonia ndiyo huua vinyweleo vidogo vinavyosafisha njia ya hewa na kumpa maikoplazma nafasi ya kushuka mapafuni. Usipime kwa kusimama. Piga magoti, weka pua yako pale anapolala, uvute. Ukiwashwa hata kidogo, yeye amekuwa akiivuta usiku kucha. Mtafutie kizimba cha waya, chenye sakafu isiyo ya waya. Maranda ya msonobari na ya mwerezi yaondoke pia, harufu ile nzuri inatokana na kemikali zinazochoma koo lake. Karatasi laini iliyokatwakatwa isiyo na vumbi, au vitambaa vya manyoya bandia vya kufua, vinafaa zaidi. Badilisha pembe anayokojolea kila siku au siku ya pili, lakini usioshe kila kitu kwa wakati mmoja. Akikosa harufu yake kabisa ataweka alama upya kila mahali, na amonia itakuwa zaidi ya jana. Marashi ya kupuliza, mishumaa ya manukato na sigara, chumba hicho visikanyage.

Uliuliza kama umtenge na dada yake. Hapana, tafadhali. Dada yake anacho kijidudu hicho hicho tangu kuzaliwa, na upweke utamshtua Zabibu zaidi ya kitu kingine. Wa kutengwa ni mgeni: ukileta panya mpya, akae chumba kingine kabisa angalau wiki mbili, kwa sababu ya virusi vya kifua kama kile kiitwacho Sendai ambavyo hao wako huenda hawana.

Mashine ya kubadilisha maji kuwa ukungu, ile wanayotumia watoto wa pumu, imetusaidia mno. Namweka Pamba kwenye boksi la plastiki lenye matundu, ukungu wa maji ya chumvi safi ya dawa unaingia kwa mrija, dakika 15 asubuhi na jioni. Siku za kwanza alikwaruza kuta. Sasa hujikunja pembeni akasinzia, na akitoka unasikia kabisa kamasi imelegea. Muulize daktari kama anaweza kuongeza dawa ndani yake, na kama Zabibu anahitaji ya kutanua njia za hewa. Akitaja steroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe, hakikisha anajua kama unampa meloksikamu, ile ya maumivu na uvimbe, maana hizo mbili pamoja huharibu tumbo.

Na kama antibayotiki zikipita wiki mbili bila dalili yoyote ya nafuu, uulizie moyo. Shaba mwishoni hakuwa na kifua peke yake. Moyo ulikuwa umechoka, maji yakajaa mapafuni, na mimi nilikuwa nikiendelea kumwaga doksisaiklini. Picha ya eksirei ingetuonyesha. Dawa ya kutoa maji ilimpa wiki tano nzuri, na ningeweza kumpatia zaidi kama ningeuliza mapema. Siku alipoacha kula hata ndizi na akawa analala ameketi kwa sababu akijinyoosha anakosa pumzi, nilimwomba daktari ampumzishe. Nilimshika mpaka mwisho. Nakuambia ili ujue siku kama hiyo ina sura yake, na Zabibu kwa unavyomweleza hayuko karibu nayo.

Usiku huu, nyumba ikitulia, weka simu ubavuni mwake, urekodi dakika moja, unitumie. Mrekodi na dada yake pia, ili tupate ya kulinganisha. Nitazisikiliza zote mbili kabla ya kulala, nikikuta kitu nitakupigia hata kama ni saa nane.

Mkunie Zabibu nyuma ya sikio kwa niaba yangu.

Wako akupendaye,
Somo yako