Axio Mpya Inakunywa Kama 110 ya Zamani: Kosa Liko Wapi?

Mtu akiuza Toyota Corolla 110 na kununua Toyota Axio ya 2018, jambo la kwanza analotarajia ni nafuu ya petroli. Barabara ni ileile, mguu ni uleule, injini zote mbili ni za 1500. Kwa wengi pesa ya mafuta hushuka kweli. Kwa baadhi haishuki hata kidogo, na hapo lawama huanza: magari ya siku hizi ni mabati matupu, ya zamani ndiyo yalikuwa magari.

Injini ya kisasa inatoa kilomita nyingi zaidi kwa lita. Hilo halina ubishi. Ila inazitoa kwa kupima. Inapima hewa inayoingia, joto la maji na moshi unaotoka, tena mara nyingi kwa sekunde moja, kisha inaamua imwage petroli kiasi gani. Kipimo kimoja kikidanganya, injini humwaga kulingana na uongo huo. Magari ya zamani hayakupima mengi, kwa hivyo yalikuwa na machache ya kudanganywa nayo.

Ya zamani ni ipi?

Peugeot 504, Datsun 1200 na Nissan B12 nyingi zilikuwa za kabureta. Petroli huungua vizuri ikichanganywa kilo 1 kwa kilo 14.7 za hewa, na kabureta hukadiria uwiano huo kwa jeti, yaani tundu dogo la shaba lenye upana usiobadilika. Jeti haijui iko wapi. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni kama asilimia 87 ya lile la Mombasa. Nakuru, mita 1,850, ni kama asilimia 80. Timboroa, palipopita mita 2,700, ni 72 hivi. Kabureta iliyorekebishwa vizuri Kisumu ikifika Timboroa humwaga petroli karibu asilimia 10 kupita inavyohitajika. Ndio ule moshi mweusi mlimani, na plagi zinazotoka zikiwa na masizi. Ukilinganisha na gari la namna hiyo, hata Vitz iliyochoka ya nozeli, yaani vinyunyizio vya petroli vinavyoongozwa na kompyuta, inashinda, hasa huku kwetu kwenye miinuko, maana inapima hewa na kupunguza petroli yenyewe.

Lakini 110 si kabureta. Injini yake ya 5A-FE ina nozeli, kompyuta na sensa ya oksijeni, kwa hivyo pengo kati yake na Axio ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Tofauti iliyopo inatoka sehemu tatu. Kwanza ni mbano wa injini: 5A-FE hubana mchanganyiko mara 9.8, 1NZ-FE ya Axio za awali mara 10.5, na 2NR-FKE ya Axio za kuanzia 2015 mara 13.5, huku valvu zake za kuingiza hewa zikichelewa kufunga ili nguvu ya mlipuko itumike hadi mwisho. Pili ni giaboksi: CVT, ile isiyo na gia za hatua, huiacha injini izunguke polepole kwenye tambarare, wakati otomatiki ya gia nne hulazimika kuruka kutoka gia hadi gia. Tatu ni oili nyepesi, ambayo tutairudia.

Sasa tuje kwenye uzito. Toyota 110 ni tani moja hivi. Aliyehama kutoka 110 kwenda Harrier au CX-5 amebeba nusu tani zaidi kabla hajamweka abiria hata mmoja, kisha anashangaa. Marekani imeweka hesabu za magari mapya tangu 1975, na zinaonyesha jambo hili waziwazi: mwaka 1987 wastani ulikuwa kama kilomita 9.4 kwa lita, mwaka 2004 ukashuka hadi 8.2. Injini zilikuwa zimeboreka miaka hiyo yote, ila faida yote ililiwa na uzito na nguvu. Kufikia magari ya 2023 wastani ulikuwa umepanda hadi 11.5. Kwa hivyo mwaka wa gari peke yake hautoshi kukuambia chochote. Linganisha magari ya uzito mmoja.

Na ile namba ya kilomita zaidi ya 20 kwa lita unayoonyeshwa unapoagiza gari Japani? Kipimo chake cha JC08 hufanywa ndani ya jengo, gari likiwa juu ya rola, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 24.4 kwa saa na usiozidi 81.6. Hakina mlima wa Salgaa wala gunia la viazi kwenye buti. Injini ya 1NZ yenye afya ikitoa kilomita 15 hivi kwa lita barabara kuu kwa mwendo wa 80 hadi 90, hiyo iko sawa.

Thamostati iliyotupwa

Kwenye gereji yetu, tukitafuta sababu ya gari la kisasa kula mafuta, hapa ndipo tunapoanzia. Gari likichemka mlimani, mafundi wengi hufungua mfuniko wa thamostati, huitoa, hurudisha mfuniko bila kitu ndani na kusema kazi imekwisha. Kuchemka hupungua, mteja anafurahi.

Kilichotokea ni hiki. Thamostati nyingi za Toyota huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 80 hadi 84. Kabla ya hapo huzuia maji yasiende kwenye rejeta ili injini ipate moto haraka. Ikitolewa, maji huzunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na asubuhi ya Nakuru au Molo injini inaweza kwenda safari nzima ikiwa nyuzi 60 na kitu. Sensa ya joto inaiambia kompyuta kwamba injini bado ni baridi, na ni kweli. Kompyuta nayo hufanya inavyopaswa: huongeza petroli kama ambavyo zamani ungevuta choki. Choki hiyo sasa imevutwa kutwa. Petroli isiyoungua huteremka kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha oili na kukinusa, utaisikia.

Vitz na Fit nyingi hazina mshale wa joto kwenye dashibodi. Zina taa ya buluu inayozimika injini ikipata moto. Ikiwa umetoka Nakuru mjini na unaiona buluu ile bado inawaka ukikaribia Salgaa, usihangaike na plagi wala nozeli. Thamostati haipo, au imekwama ikiwa wazi. Mashine ya dayagnosi huweza kutoa kodi ya hitilafu P0128.

Kosa la awali, lile lililofanya gari lichemke, kwa kawaida liko kwingine: rejeta iliyoziba kwa chokaa ya maji ya kisima, feni isiyowaka, au kifuniko cha rejeta kilicholegea. Rekebisha hilo, rudisha thamostati ya nyuzi zilezile, na ujaze kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, badala ya maji ya mfereji.

Oili nzito, sensa, na moshi unaovuja

Kifuniko cha oili cha injini nyingi mpya kimeandikwa 0W-20. Fundi anamimina 20W-50 kwa sababu "nyembamba itavuja". Oili hiyo nzito huwa mzigo kwa pampu na kwa kila beringi, lakini ubaya zaidi uko kwenye VVT-i. Mfumo huo husogeza muda wa valvu kwa shinikizo la oili inayopita kwenye vijitundu na kichujio kidogo cha waya. Oili nzito, au iliyokaa hadi ikawa tope, huchelewa kufika au huziba kichujio, na valvu hubaki zilipo. Gari halizimi, halilii. Linakosa nguvu tu, nawe unalikanyaga zaidi. Kiasi nacho ni muhimu: 1NZ huchukua lita 3.7 pamoja na filta, si kopo zima la lita 4 eti kwa sababu ndivyo linavyouzwa.

Sensa ya oksijeni ikizeeka huwa mvivu wa kujibu. Kabla ya kuinunua, chunguza gasketi ya ekzosi iliyo mbele yake. Ufa mdogo hapo hunyonya hewa ya nje kati ya mpigo na mpigo wa moshi. Sensa huona oksijeni nyingi, kompyuta hudhani petroli imepungua, na huongeza. Sensa mpya ya bei ghali haitabadilisha kitu, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inasema kweli kuhusu hewa iliyoiona. Kwenye mashine tunasoma marekebisho ya petroli, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Jumla yake ikiwa ndani ya asilimia 10 juu au chini, kompyuta imeridhika, na ulaji wa mafuta utafutwe kwingine: breki zinazoshika, upepo wa tairi, au keria ya juu ya paa. Breki ni rahisi kukagua. Nyanyua gurudumu kwa jeki, lizungushe kwa mkono. Likisimama kabla ya kumaliza mzunguko mmoja, huenda pini za kaliper zimeshika kutu.

Filta ya hewa, kwa upande mwingine, hulaumiwa bure. Kwenye kabureta, filta chafu ilikuwa inaongeza ulaji wa mafuta. Kwenye gari la nozeli kompyuta hupunguza petroli kulingana na hewa iliyoingia, kwa hivyo unachopoteza ni nguvu. Ibadilishe kwa sababu ya vumbi la Njoro, usiibadilishe ukitarajia muujiza kwenye tangi.

Huenda gari halili, mita ndiyo inapunja

Wengi huweka tairi kubwa ili gari linyanyuke. Axio inayotoka na 175/65R15 ikivishwa 195/65R15, kipenyo cha gurudumu hutoka milimita 608 hadi 634, zaidi ya asilimia 4. Mita ya kilomita haijui. Ukienda kilomita 300 za kweli, itakuandikia 288 hivi, na ukigawanya kwa lita, utaona gari limeanza kula kumbe sehemu ya hasara iko kwenye maandishi.

Pima hivi. Jaza tangi hadi bomba lijifunge lenyewe mara ya kwanza, usiongeze. Weka mita ya safari kwenye sifuri. Endesha kama kawaida angalau kilomita 300, kisha jaza tena pampu ileile, hadi bomba lijifunge mara ya kwanza. Kilomita 312 kwa lita 24.6 ni 12.7 kwa lita. Kununua mafuta ya shilingi 500 leo na ya 1,000 kesho, halafu kutazama mshale, si kipimo.

Wenye Aqua na Fit haibridi, yaani magari ya petroli na umeme, waongeze jambo moja. Faida ya haibridi iko kwenye msongamano, pale Kondele, Kisumu, saa kumi na moja jioni. Kwenye mteremko mrefu wa kutoka Kericho kuelekea Ahero, betri ya Aqua, isiyofika hata uniti 1 ya umeme, hujaa mapema na nguvu inayobaki hupotea. Hapo weka gia ya B kulinda breki. Na safisha kichujio cha feni ya betri kando ya kiti cha nyuma. Kikiziba, betri hupata joto na injini ya petroli hufanya kazi ambayo haikuwa yake.

Ukija kwetu, leta hesabu za matangi mawili mfululizo na saizi ya tairi ulizovaa. Gari liache hapa usiku mmoja, au lifike kabla halijapata moto, kwa sababu thamostati hupimwa injini ikiwa baridi: tunaiwasha, tunashika paipu ya juu ya rejeta, na kutazama kwenye mashine ni nyuzi ngapi paipu inapoanza kupata joto.